Farasi Mia Tatu, Chupa Moja ya Soda

Adrian aliporudi kutoka Arusha na bomba jipya la turbo mkononi, alikuta ng'ombe wanne wamefungwa mahali alipoegesha gari.

Alisimama uani kwao Kansay akiwatazama, nao wakamtazama. Dume jeusi lenye baka jeupe usoni lilikuwa limelala hasa pale palipokuwa na doa la oili, likicheua kwa utulivu wa mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Mama yake, Germana, alikuwa amechuchumaa nyuma ya jike moja akikamua. Baba yake, Mzee Clemensi, alikaa kwenye kigoda akichagua mbegu za mbaazi, na bila kuinua uso akamwambia mwanawe kwamba gari limekwenda Nainokanoka, na kwamba liliondoka salama.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru ya buluu yenye rimu za rangi ya dhahabu. Lilipotoka kiwandani lilikuwa gari la kiasi, la mtu anayekwenda kazini na kurudi. Adrian, aliyesomea ufundi wa magari na sasa ana banda lake Karatu mjini, ndiye aliyeliharibu tabia. Aliing'oa turbo ya awali, kile kifaa kinachoishindilia injini hewa ili ichome mafuta mengi kwa mkupuo mmoja, akaweka nyingine kubwa kama sufuria ya pilau la harusi. Akapanua bomba la moshi. Akakata springi, gari likashuka hata kuku wa Kansay wakaacha kupita chini yake wakawa wanaliruka. Alipomaliza alitangaza kuwa lina nguvu za farasi mia tatu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye farasi wa kulinganisha, jambo hilo lilipita bila kupingwa.

Tatizo ni kwamba gari lilinunuliwa kwa ngano ya Mzee Clemensi, msimu ule ngano ilipokubali, na kadi ilikuwa na jina la mzee. Mzee alidhani ananunua chombo cha kubebea magunia ya mbaazi. Akaletewa chombo kisichoweza kuvuka korongo lililo mbele ya shamba la jirani yake Wilibrodi bila kusukumwa na ukoo mzima. Alivumilia. Kisha siku moja, mwanawe akiwa Arusha kununua bomba, alikwenda mnadani.

Lakini usimlaumu mzee peke yake. Lililoliuza gari hasa ni ile kumi na nne ya Adrian.

Karatu, ukiwa na gari la kelele, hakuna anayekuuliza linakimbia kiasi gani, maana wote wameshalisikia. Swali ni linakula vipi. Kwenye kijiwe cha mafundi jirani na sheli, aliyejivunia jibu la swali hilo alikuwa Hilary, mwenye Probox nyeupe iliyochoka, inayobeba watu, mbuzi na vitunguu vya Mang'ola, wakati mwingine vyote kwenye kiti kimoja. Kila asubuhi Hilary aliutangazia umma kwamba lita moja kwake ni kilomita kumi na tatu. Siku moja Adrian, aliyekuwa amechoka kuisikia, akasema yeye ni kumi na nne.

Walicheka mpaka fundi mmoja akaangusha spana. Kwa hiyo Adrian akawathibitishia. Alipanda mpaka geti la Ngorongoro, akalikausha tangi, akajirekodi kwa simu akimimina lita moja tu, akageuza gari likatazama Karatu. Kisha akatia gia frii, akaachia breki, na mteremko ukafanya kazi yake. Gari liliingia mjini likinguruma polepole kama paka aliyeshiba, na petroli ikiwa bado imebaki. Kijiwe kikahesabu umbali kutoka getini, kilomita kumi na nne, kikakubali, na Hilary akanyamaza wiki nzima. Mafuta yaliyotumika kupanda yalibaki siri kati ya Adrian, Mungu na sheli.

Mzee Clemensi aliisikia ile kumi na nne, akaiamini. Alikuwa mtu asiyewahi kudanganya uzito wa gunia, na hakuona kwa nini mwanawe adanganye uzito wa lita. Akaisimulia kanisani. Na pale mnadani akamsimulia Sankale, mfugaji wa Nainokanoka aliyekuwa rafiki yake tangu enzi za kubadilishana mahindi kwa mbuzi: farasi mia tatu ndani, na bado halinywi kitu. Sankale aliupenda ule ubuluu. Wakashikana mikono, majani mabichi ya kiapo yakiwa katikati ya viganja, na biashara ikawa imekwisha.

Au karibu imekwisha. Kati ya wazee hawa wawili mnyama hakubadilishwa bila muda wa kutazamwa, na gari nalo lilihesabiwa mnyama. Kwenye mnada wa mwezi uliofuata wangekutana mbele ya mashahidi, na kama mnyama angekuwa na kilema kilichofichwa, kila mtu angerudi na chake. Kilema kilitajwa kwanza na aliyemlea mnyama, kwa mdomo wake, maana mlezi ndiye anayejua ng'ombe yupi hupiga teke akikamuliwa. Mlezi akisema hakuna kitu, ndipo aliyepokea alipopewa nafasi naye aseme aliyoyaona.

Adrian aliyasikiliza haya yote kwa baba yake, bomba bado mkononi, na uso wake ukaanza kupata rangi.

"Kwa hiyo nikisema lina kilema, baba, linarudi?"

"Ukisema kweli." Mzee akatupa mbegu mbovu pembeni. "Lina kilema gani?"

Adrian akafungua mdomo. Akilini akamwona Hilary, akaona kijiwe kizima, akaona spana zikianguka. Akaufunga.

"Naendelea kufikiri," akasema.

Alifikiri kwa muda mrefu, na kila alipofikiri mama yake alimletea chai ya maziwa, nzito, tamu, ya hao hao ng'ombe, akainywa kwa uchungu na kuomba kikombe kingine. Alitafuta kilema cha uongo lakini hakukipata, kwa sababu gari alilitunza kuliko meno yake. Kiu ya petroli ndiyo iliyokuwa kilema pekee, na kuitaja kiu ni kuizika kumi na nne hadharani. Hilary hakukosa mnada hata mmoja.

Njia iliyobaki ilikuwa Sankale mwenyewe. Huko juu, ambako petroli huuzwa dukani kwa chupa za soda baada ya kupandishwa kutoka chini, gari lile lingemfilisi mtu upesi. Sankale angelalamika mwenyewe, na Adrian angelipokea gari lake kwa masikitiko, heshima ikiwa nzima. Kilichohitajika ni kumchokoza kidogo aanze kulalamika. Adrian akadandia lori la unga, akapanda kwenye ukungu mpaka Nainokanoka.

Alilitambua gari kwa rangi tu. Sankale alikuwa amelitafutia springi za pikapu, na sasa lilisimama juu kama ng'ombe aliyenusa fisi. Lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba ili lisiguswe usiku. Juu ya lile bawa la nyuma, ambalo Adrian aliliagiza ili kulikandamiza gari barabarani likiwa kwenye mwendo wa kutisha, zilianikwa shuka tatu nyekundu. Ndama mmoja alikuwa akilamba bampa kwa bidii.

Sankale alimpokea vizuri, lakini kwa uso wa mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Mkewe, Nosim, ambaye wengi walimwita Mama Simel, alileta chai na kukaa si mbali, akifunga kamba za matandiko ya punda wake. Adrian akauliza gari linaendeleaje. Sankale akajibu kwamba mnyama hasemwi vibaya mbele ya mlezi wake kabla ya siku yake, na kwamba watazungumza mnadani. Hapo Adrian akapata matumaini. Kumbe kulikuwa na mabaya ya kusemwa.

Akaomba aonyeshwe linavyotembea. Sankale akaingia, akaliwasha, akalisikiliza kwa muda kichwa kikiwa upande, kisha akalizungusha boma mara moja kwa mwendo wa ndama, gia ya kwanza, na kulirudisha kwenye miiba yake. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi, akaeleza, ili liamke na kunyoosha miguu. Jumapili lilikwenda kanisani bondeni. Turbo ya Adrian, iliyotoka Japani kwa meli, haikuwa imeamshwa hata mara moja. Adrian aliumia mahali fulani chini ya mbavu.

Ndipo Sankale akaanza kuuliza yeye. Je, huko Kansay gari lilikuwa linakunywa vizuri?

Hapa Adrian alipaswa kutumia akili. Lakini kiburi kilitangulia, kama kawaida yake, maana kilikuwa na miguu mirefu.

"Mzee, hilo halinywi. Linalamba tu."

Sankale akatazama chini. Akauliza kama ni tangu lilipokuwa changa.

"Tangu mwanzo," Adrian akasema. "Ndivyo nilivyolilea."

Sankale akatikisa kichwa taratibu, akapitisha kiganja juu ya boneti kama anayepima homa. Nosim akasema neno kwa Kimasai, mumewe akamjibu kwa neno fupi zaidi, na wote wawili wakamtazama Adrian kwa namna ambayo hakuipenda. Njia nzima ya kurudi, juu ya magunia matupu, alijiambia kwamba wamemgundua. Wameona kiu, wamesikia akikana kiu, na sasa wanasubiri tu mashahidi ili wamwaibishe. Alipofika lami alikuwa ameamua: kuliko kuumbuliwa na Sankale, bora ajiumbue mwenyewe, apate gari lake na aibu yake kwa pamoja, aondoke nazo.

Siku ya mnada, Sankale alikuja na gari. Aliliongoza katikati ya mbuzi na wauza mitumba, dirisha wazi, akitanguliwa na watu wawili wenye fimbo waliokuwa wakifungua njia. Lilisimamishwa chini ya jua, karibu na ng'ombe wanne wa Kansay walioletwa kwa ajili ya shauri, nao wakaligeuzia matako. Mzee Clemensi alivaa koti la Jumapili na kofia. Pande zote mbili zilikuwa zimemkubali Mepukori, mzee mwenye masikio mazuri na subira kubwa, awe msimamizi. Hilary alikuwa ameegemea Probox yake na mshikaki mkononi. Alikuja kama mtazamaji tu, alisema, ingawa alikuwa amekuja na kijiwe chote.

Mepukori akauliza kama mnyama huyu ana kilema ambacho mlezi wake anakijua.

Adrian akasonga mbele. "Anakunywa," akasema.

Mepukori akamwambia kwamba kila mnyama hunywa.

"Anakunywa kuliko tulivyosema."

Hilary akaacha kutafuna. "Kiasi gani?"

Hakuwa ameulizwa mtu wa Probox, lakini Mepukori akaona swali ni la haki. Adrian akasema labda kumi na moja.

"Labda?" Hilary akasema.

Adrian akasema basi tisa. Minada yote aliyowahi kuiona ilipanda. Huu ulikuwa wa kwanza kushuka. Watu waliokuwa wakipima kondoo waliacha kondoo. Hilary, sauti ikiwa laini kama ya daktari, akauliza je, akikanyaga mafuta kidogo? Saba. Je, akikanyaga kama tunavyomjua anavyokanyaga? Tano. Je, mlimani kuelekea getini, turbo ikiwa macho, na kuna gari la watalii mbele ambalo ni lazima lipitwe?

Adrian akatazama viatu vyake.

"Mbili na nusu," akasema.

Kelele zilizofuata ziliwashtua hata ng'ombe. Mtu akauliza ile kumi na nne basi ilitoka wapi, na Adrian, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kupoteza, akasema aliteremka. Akaeleza geti, gia frii, breki, mteremko wote. Hilary aliketi chini, pale pale vumbini, akaufunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakawa yanaruka. Mzee Clemensi alivua kofia, akatazama ndani yake kana kwamba kumi na nne huenda imedondokea humo, akaivaa tena. Kofia ile ilimuuma Adrian kuliko Hilary na kijiwe chake.

Lakini kazi ilikuwa imefanyika. Kilema kilikuwa kimetajwa. Adrian alisafisha koo, akanyoosha mkono kwa ajili ya ufunguo.

Sankale hakuutoa. Alikuwa amesimama, na ule uso wa mgonjwa nyumbani ulikuwa umeyeyuka.

"Rudia hiyo ya mwisho, mwanangu."

"Mbili na nusu, mzee. Kwa lita."

"Yaani anamaliza lita kabla hujafika popote."

"Kabla hujafika popote."

Sankale akamgeukia Mepukori. "Basi ni mzima," akasema, na kutoa pumzi aliyoibana mwezi mzima.

Aliwaeleza mashahidi taabu yake. Rafiki yake Clemensi alimpa mnyama akamwambia ndani yake mna farasi mia tatu. Yeye hakuwahi kufuga farasi, lakini ana punda, na anajua punda mmoja anavyolitazama birika. Farasi mia tatu! Naye kila baada ya siku tatu alimmiminia petroli chupa moja ya soda, na chupa haikuisha. Huko Olbalbal, wakati wa kiangazi, watu hutembeza mifugo kutwa nzima kuyafuata maji, na ng'ombe anayefika kisimani akageuza kichwa hatazamwi mara mbili: huyo ni wa kuchinjwa kabla hajafa mwenyewe. Alimpa mnyama wake mpya matembezi ya asubuhi. Alimpeleka kanisani. Hakunywa. Kisha mlezi wake akaja, akaapa kwa mdomo wake kwamba tangu ndama hakuwahi kunywa. Hapo Sankale alikata tamaa. Alikuja leo kumrudisha. Ndani ya gari mlikuwa na kamba nne, mpya, za kuwafungia ng'ombe wake awarudishe nyumbani, na alikuwa anasubiri tu mlezi aseme hakuna kilema ili naye apewe nafasi.

"Sasa namsikia anakunywa kama kitu chenye uhai," akasema. "Alikuwa mgeni tu. Alikuwa anatuonea haya. Simrudishi."

Adrian alisimama na mkono wake hewani. Ilichukua muda jambo lile kumfikia, kama maji yanavyofika mwisho wa mfereji. Angenyamaza tu. Angesema hakuna kilema, na kukaa kimya. Gari lingekuwa lake, na kumi na nne ingekuwa yake. Kunyamaza lilikuwa jambo moja ambalo hakuwahi kulijaribu maishani.

Mepukori alikuwa anainua fimbo yake kufunga shauri pale sauti nyingine iliposikika.

"Na nani anachota?"

Ilikuwa Nosim. Alikuwa amemfunga punda wake kwenye bampa la nyuma la Subaru, na sasa alipita katikati ya wanaume waliompisha bila kuombwa. Alisema amemsikia mumewe akifurahi kwamba mnyama amepata hamu ya kunywa, naye anafurahi pamoja naye. Ila kila chupa ya petroli inayofika bomani kwake hupanda juu ya punda wake, na kila punda huyo akipanda, yeye Nosim yuko nyuma yake. Akauliza mbili na nusu kwa lita ni punda wangapi. Wanaume wakaanza kuhesabu kwa vidole. Akamgeukia Adrian, akamuuliza ni nani aliyemfundisha mnyama huyu ulafi.

"Ni mimi, Mama Simel."

"Basi aliyemfundisha ulafi amfundishe kiasi. Uje umchunge mwenyewe, mpaka anywe kama mgeni."

Mzee Clemensi alikubali kabla Nosim hajamaliza kusema. Ng'ombe walirudi Kansay. Germana alikuwa ameshawapa majina, na katika ukoo ule kitu kikishapewa jina na Germana hakihami. Gari lilibaki la Sankale. Adrian, mwenye banda la ufundi na kadi za biashara zenye picha ya turbo, akawa mchungaji wa gari alilozoea kuliita lake, akipanda Nainokanoka kila siku ya soko kuyateremsha maziwa ya akina mama mpaka Karatu.

Nosim alikaa kiti cha mbele. Maziwa ya kuuza yalikaa nyuma kwenye madumu yenye vifuniko, pamoja na bibi wawili na wakati mwingine mbuzi. Lakini mapajani mwake Nosim alishika kibuyu kimoja kilichojaa hadi shingoni, na kifuniko chake alikiacha nyumbani makusudi. Hakumfundisha Adrian kitu kuhusu magari. Alimwambia tu kwamba shuka yake ni mpya.

Adrian aliendesha kama mtu anayebeba jeneza la mfalme. Alijifunza kugusa mafuta kana kwamba chini ya pedeli kuna kifaranga. Alijifunza kubadili gia mapema, kabla injini haijaanza kupaza sauti, kwa sababu sauti ikipanda turbo huamka, na turbo ikiamka kibuyu hutapika. Alijifunza kuiona kona ikiwa bado mbali na kuinua mguu, gari lijiendee lenyewe, badala ya kukimbilia breki na kuupoteza mwendo wote alioulipia kwa petroli. Kila tone lililobaki kibuyuni lilikuwa na ndugu yake aliyebaki kwenye tangi, ingawa ilimchukua muda kuliona hilo.

Alikosea mara moja. Kwenye ukingo wa kreta, gari la watalii liliwapita na kuwamwagia vumbi, na mguu wake ukakumbuka enzi zake. Turbo ikapiga mluzi. Farasi wote mia tatu waliamka kwa pamoja, bibi wawili wakamkumbatia mbuzi, na maziwa yakapanda mpaka kwenye kioo cha mbele, yakarudi, yakaingia sikioni kwa Adrian. Nosim alijipangusa shuka mpaka getini. Hapo akamweleza, kwa upole, kwamba wiki hiyo mafuta ya gari atachota yeye. Adrian alitembea nyuma ya punda akitazama chupa za soda zikigongana, na kwa mara ya kwanza maishani alijua lita moja ina uzito gani.

Baada ya hapo kibuyu hakikumwagika tena.

Ulipofika mwisho wa msimu wa mvua, alijaza tangi pale sheli mpaka shingoni, akapanda, akarudi siku ya soko iliyofuata kwa njia ile ile, akajaza tena. Hakuna hila: mlima na mteremko, matope, maziwa, Nosim, bibi wawili. Akagawa kilomita kwa lita. Ilikuwa kumi na moja. Hakuamini, akarudia safari iliyofuata. Kumi na moja. Gari lile lile, turbo ile ile kama sufuria ya pilau, haijapunguzwa hata boliti.

Alikimbia kwenda kijiweni, akawaambia.

Spana zikaanguka. Walimwambia arudishe ile mbili na nusu, wameshaizoea. Hilary alimpangusia vumbi begani kwa huruma.

"Kumi na moja! Safari hii umeteremka kutoka wapi, dogo? Mbinguni?"

Adrian aliapa kwa jina la baba yake, akaapa kwa ng'ombe wanne. Mwishowe, akiwa amebaki bila kiapo, akamwambia Hilary apande aone kwa macho yake, na Hilary akapanda ili amkamate. Walipofika sokoni Nosim alikuwa anasubiri. Maziwa yalikuwa yameisha, na kama kawaida ya kurudi alikuwa na trei za mayai za kupeleka duka la Nainokanoka. Alimtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chake, hakubishana naye. Alimpangia trei mapajani, moja juu ya nyingine mpaka kidevuni, akaenda kukaa nyuma.

Walipita geti, wakaacha lami, wakaanza kupanda kwa mwendo wa ndama. Mawe yalikuwa mawe yale yale ya siku zote. Hilary, mtu wa Probox, aliyezoea kuyaruka na mbuzi akiwa hewani, alikuwa amebana magoti na hapumui. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

"Hesabu mwenyewe tukifika," Adrian akamwambia. "Kumi na moja."

"Hata ishirini," Hilary akanong'ona, macho yake yakiwa kwenye yai la juu kabisa. "Punguza mwendo."